Plazma yaingia karakana za Songea, kinga bado iko nyuma

UMEME wa gridi ya taifa ulipofika Songea mwaka 2018 kupitia njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako, mazungumzo mengi yalihusu mashine za kukoboa mahindi, majokofu ya maduka na kuzimwa kwa jenereta za dizeli zilizokuwa zikiulisha mji huo kwa miaka mingi. Ni wachache waliowakumbuka mafundi chuma.

Hata hivyo, ni katika karakana za mafundi hao, zikiwamo zile za Kata ya Majengo katika Manispaa ya Songea, ambako mabadiliko yaliyoletwa na umeme wa uhakika yanasikika kwa masikio na kuonekana kwa macho. Fundi ambaye zamani alichomelea geti kwa kubahatisha, akisubiri umeme urudi, leo anaweza kuchukua kazi ya siku nzima na kuimaliza kwa wakati.

Umeme huo umefungua pia mlango kwa mashine ambayo zamani ilikuwa ya viwanda vikubwa tu. Hiyo ni mashine ya kukata chuma kwa plazma. Aina ndogo za mashine hiyo, nyingi zikitengenezwa China, hutumia umeme wa kawaida wa njia moja, hubebwa kwa mkono mmoja na hukata bati la milimita kadhaa kwa mwendo ambao grainda haiwezi kuufikia.

Swali linaloanza kujitokeza si kama mashine hiyo ina faida, kwa kuwa faida yake haina ubishi. Swali ni nani aliyemfundisha fundi kwamba kifaa alichoshika hakifanani na mashine ya kuchomelea aliyoizoea kwa miaka 10 au 15.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha hoja. Mashine ya kawaida ya kuchomelea, hata ile iliyosukwa mtaani kwa waya za shaba na vipande vya chuma cha transfoma, kwa kawaida huwa na volti zisizozidi 80 au zaidi kidogo kwenye ncha yake kabla kazi haijaanza. Fundi anayeguswa nayo hutikisika, hutukana na kuendelea na kazi.

Mashine ya plazma huhitaji volti za juu zaidi ili kuigeuza hewa kuwa njia ya umeme. Volti zake kabla ya kukata huwa kati ya 200 na 400, tena za mkondo mnyoofu. Huo si mtikisiko wa kutania. Kwa mtu aliyelowa jasho, aliyesimama pekupeku au kwa ndala juu ya sakafu yenye maji, unaweza kuwa mwisho wa safari.

Kinachotokea ndani ya kishikio chake ni rahisi kukieleza. Kompresa husukuma hewa kupitia tundu dogo la ncha ya shaba, umeme huruka ndani ya hewa hiyo, na hewa hupata joto hadi kufikia nyuzi 20,000 za Sentigredi au zaidi. Katika joto hilo hewa haiwi tena hewa ya kawaida, bali hupitisha umeme. Mwali huo mwembamba huyeyusha chuma na kasi ya hewa huupuliza ujiuji nje upande wa pili.

Teknolojia hiyo si ngeni duniani. Ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1950 na watafiti wa kampuni ya Union Carbide, na kwa miongo kadhaa ilibaki mali ya karakana za ndege, meli na viwanda vya matangi. Iliposhuka bei, haikushuka pamoja na wahandisi wa usalama waliokuwa wakisimama kando yake.

Ncha na elektrodi za mashine hiyo huliwa haraka, hasa pale hewa ya kompresa inapokuwa na unyevu au mafuta. Fundi mwenye haraka huzibadilisha mara kadhaa kwa siku, na kosa la hatari kuliko yote ni kuzibadilisha bila kuzima mashine ukutani.

Watengenezaji wanalijua kosa hilo. Ndiyo maana mashine nyingi huwekewa swichi ndogo ndani ya kishikio, ambayo huzuia umeme kwenda mbele iwapo kikombe cha kufunika ncha hakijafungwa sawasawa. Ni mlinzi mdogo asiyeonekana. Lakini vipuri vya asili vinapoadimika na fundi anapolazimika kutumia kikombe kisicholingana, mashine hukataa kuwaka, na hapo huzaliwa kishawishi cha kuunganisha waya mbili za swichi hiyo moja kwa moja ili kazi iendelee. Mashine huwaka, mteja huondoka na geti lake, na kuanzia siku hiyo kishikio huwa hai kila kinapobonyezwa, kiwe kimefungwa au kiwe wazi.

Jambo la pili ni waya wa ardhi. Vyumba vingi vya biashara, maarufu kama fremu, vilijengwa kwa ajili ya duka la nguo au saluni, si kwa ajili ya karakana. Soketi yake inaweza kuwa na matundu matatu ilhali tundu la tatu halikuunganishwa na kitu chochote ardhini. Kwa pasi ya nguo kasoro hiyo inaweza kukaa miaka bila kugundulika. Kwa mashine yenye kasha la chuma na volti 400 ndani yake, kasoro hiyo ni mtego.

Msimu wa mvua wa Songea, unaoanza kati ya Novemba na Desemba hadi Aprili, huuzidisha mtego huo. Kazi nyingi za chuma hufanyika barazani au chini ya mwembe, kwa sababu geti la mita nne haliingii ndani ya fremu. Waya za kuongezea hulala juu ya ardhi yenye matope, na maungio yake mara nyingi yamefungwa kwa nailoni.

Kwa upande wa macho, mafundi wengi wanaijua adhabu yake tayari. Mtu hutazama mwali mchana, usiku wa manane huamka akihisi kama amemwagiwa mchanga machoni. Dalili hizo huchelewa kwa saa 6 hadi 12, na ucheleweshaji huo ndio unaowadanganya vijana wanaojifunza, kwani mchana wote huamini kuwa hakuna kilichotokea. Maziwa na vipande vya viazi vinavyowekwa machoni usiku huo haviondoi chanzo. Nuru isiyoonekana ya mwali ndiyo inayounguza ngozi ya nje ya jicho, na kurudiwa kwake kwa miaka huongeza hatari ya ugonjwa wa mtoto wa jicho.

Mwali wa plazma wa mashine ndogo hauonekani mkali kama wa kuchomelea, na hapo ndipo miwani ya jua inapopata umaarufu isiostahili. Viwango vya Marekani vinavyotumiwa na wengi hutaka kioo chenye namba 5 kwa mashine ya ampea 20 hadi 40, na namba 6 kwa ampea 40 hadi 60. Miwani ya jua inayouzwa kandokando ya barabara haifikii namba hizo, na haiukingi uso na shingo dhidi ya cheche.

Tatizo la moshi ni kubwa kuliko la macho, ingawa halizungumzwi sana kwa sababu halimwamshi mtu usiku.

Mwaka 2017, jopo la Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Awali ulikuwa katika kundi la vitu vinavyoshukiwa tu. Uamuzi huo ulitikisa nchi zilizoendelea, kiasi kwamba Februari 2019 mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza ilitangaza kuwa kuchomelea ndani ya jengo, hata chuma cha kawaida, hakutakubalika bila mtambo wa kuvuta moshi.

Ukataji wa plazma hauko mbali na moshi huo, kwa kuwa nao huyeyusha metali na kuipuliza hewani ikiwa vumbi laini. Ukikata stenlesi, ile inayotengenezewa meza za migahawa na reli za ngazi, moshi huwa na kromiamu ya aina inayojulikana kusababisha saratani ya mapafu. Ukikata chuma kilichopakwa rangi ya zamani, huenda ukavuta risasi.

Bati lenye zinki lina hadithi yake ya pekee, ambayo katika mkoa wenye malaria kama Ruvuma inastahili kuangaliwa kwa makini. Fundi aliyekata mabomba ya zinki mchana anaweza kushikwa jioni na homa, baridi kali, maumivu ya viungo na kichefuchefu. Dalili hizo huisha zenyewe baada ya siku moja au mbili. Asiyejua ataamini kuwa ni malaria, atanunua dawa dukani, atapona, na kuisifu dawa. Wiki inayofuata atakata mabomba mengine.

Kwa mganga wa zahanati, swali moja tu la nyongeza, yaani mgonjwa anafanya kazi gani, lingeweza kuokoa vidonge na mapafu kwa pamoja.

Baridi ya Songea ya Juni na Julai nayo ina mchango wake. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi hiyo fundi anayefanya kazi ndani hupendelea kuegesha mlango. Anayeegesha mlango huku akikata chuma anajifungia pamoja na moshi wake, na barakoa za kitambaa zilizobaki tangu wakati wa Uviko-19 hazizuii chembe hizo laini.

Kuna upande mwingine wa sarafu ambao si haki kuuficha. Plazma imeondoa hatari moja ambayo mafundi wa Afrika Mashariki wameishi nayo kwa miongo kadhaa, yaani pipa la kabaidi. Katika karakana nyingi, gesi ya asetilini imekuwa ikitengenezwa kwa kumwagia maji mawe ya kabaidi ndani ya pipa lililoundwa mtaani, bila kipimo cha kuaminika wala vali ya kuzuia moto kurudi nyuma. Pipa kama hilo linapolipuka, huondoka na ukuta.

Plazma haihitaji asetilini wala mtungi wa oksijeni. Inahitaji hewa na umeme. Kwa hesabu hiyo, karakana iliyobadilisha pipa la kabaidi kwa mashine ya plazma imepiga hatua mbele, na anayetaka mashine hizo zipigwe marufuku kwa jina la usalama atakuwa amewarudisha mafundi kwenye pipa.

Grainda nayo si malaika. Diski iliyopasuka ikizunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, kwenye grainda ambayo kinga yake imefunguliwa ili diski kubwa zaidi iingie, imewajeruhi mafundi wengi pengine kuliko plazma itakavyowahi kufanya. Lakini hatari ya grainda fundi anaiona na kuisikia.

Hewa yenyewe ya kompresa ina masharti yake. Kompresa iliyoungwa kwa mtungi wa zamani wa gesi ya kupikia au tangi la breki la lori hubeba nguvu ambayo fundi haioni. Sheria inataka matangi ya hewa iliyobanwa yakaguliwe na mtu mwenye sifa kwa vipindi maalumu. Ni karakana ngapi za mtaani zinazojua kuwapo kwa sharti hilo, hilo ni jambo la kujiuliza.

Lakini pale ambapo hatari ya plazma inagusa watu wengi kwa mpigo ni kwenye vitu vinavyoletwa kukatwa. Songea iko kwenye njia ya makaa ya mawe. Baada ya bei ya makaa kupanda duniani mwaka 2022 kutokana na vita vya Urusi na Ukraine, malori yaliyobeba makaa ya Mbinga kuelekea Bandari ya Mtwara kupitia Tunduru na Masasi yaliongezeka kwa kasi. Lori linaloharibika barabarani huhitaji fundi wa karibu, na fundi wa karibu ndiye anayeletewa tangi la dizeli lililotoboka, ringi iliyopinda na kingo za tela zilizochanika.

Tangi la dizeli lililo tupu ni la hatari kuliko lililojaa. Mvuke uliobaki ndani, ukichanganyika na hewa, husubiri cheche moja tu. Hali ni hiyo hiyo kwa mapipa ya lita 200 yaliyokuwa na mafuta, ambayo hukatwa ili kutengenezwa majiko, mabirika ya mifugo na matangi ya maji. Kulifungua pipa na kuliacha juani kwa siku mbili hakutoshi, kwa kuwa mafuta mazito yaliyoganda kwenye mishono hayatoi harufu hadi yanapopashwa joto. Njia inayokubalika ni kulisafisha kwa maji ya moto na sabuni au mvuke, kisha kulijaza maji hadi karibu na mahali pa kukata. Huko ni kupoteza saa mbili. Ni saa mbili ambazo mteja hataki kuzilipia.

Ringi ya lori ni mtego usiojulikana sana. Fundi anayekata au kuchomelea ringi huku tairi likiwa bado limevalishwa hulipasha joto tairi kwa ndani, raba huanza kutoa gesi zinazowaka, na tairi hulipuka kwa nguvu ya bomu, wakati mwingine dakika kadhaa baada ya kazi kukamilika. Kutoa upepo peke yake hakusaidii. Tairi lazima livuliwe.

Kisha kuna majirani. Cheche za kukata chuma zinaweza kuruka mita 10 na zaidi, zikapenya kwenye nyufa za mbao na kulala humo. Mwongozo wa Marekani wa kuzuia moto katika kazi za joto huhesabu mita 11 kuwa eneo linalopaswa kusafishwa au kufunikwa, na toleo lake la mwaka 2019 liliongeza muda wa kuangalia moto baada ya kazi kutoka nusu saa hadi saa moja.

Katika safu ya fremu, mita 11 ni fremu tatu. Ndani ya fremu hizo tatu kunaweza kuwa na muuza magodoro, fundi makochi mwenye sponji, na kijana anayeuza petroli ya bodaboda kwenye chupa.

Ulimwengu una mifano ya kutosha ya kile ambacho cheche zinaweza kufanya hata mahali penye wataalamu. Aprili 11, 1996, kazi ya kuchomelea kwenye barabara iliyo juu ya jengo la uwanja wa ndege wa Düsseldorf, Ujerumani, ilidondosha cheche kwenye dari lililojazwa foronya za plastiki za kuzuia joto. Watu 17 walikufa kwa moto na moshi. Novemba mwaka huo huo, uchomeleaji wakati wa ukarabati wa lifti katika Jengo la Garley, Hong Kong, uliwasha moto ulioua watu 41.

Sheria ya Tanzania haiko kimya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya sheria ya viwanda iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, inamtaka mwajiri kusajili sehemu ya kazi, kutoa vifaa vya kinga, kuwapima wafanyakazi afya na kuwa na huduma ya kwanza. Msimamizi wake ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001.

Katika miaka iliyofuata mpango wa Serikali wa mwaka 2018 wa kuboresha mazingira ya biashara, baadhi ya tozo za wakala huo zilifutwa, ikiwamo ada ya kusajili sehemu ya kazi. Kisingizio cha gharama ya usajili, ambacho kiliwahi kuwa na uzito, sasa kimepungua nguvu.

Kikwazo kilichobaki ni cha aina nyingine. Sheria hiyo, kwa mtazamo wake, inamwona mwajiri mwenye geti, ofisi na daftari la wafanyakazi. Karakana ya mtaani ina fundi mmoja, vijana wawili au watatu wanaojifunza, na mteja anayesubiri kwenye benchi. Vijana hao hawana mkataba, na mara nyingi hawalipwi mshahara bali hupewa posho ya chakula na ujuzi. Nani mwajiri hapo? Mkaguzi kutoka ofisi ya kanda, anayehudumia mikoa kadhaa, ataanza na viwanda, migodi na maghala. Karakana ya fremu huja mwisho, kama inafikiwa.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, nao umekumbana na ukuta huo huo. Mfuko huo ulioanza kazi mwaka 2015 kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2008, hulipa matibabu, ulemavu na mafao ya wategemezi. Mchango wa mwajiri wa sekta binafsi ulishushwa kutoka asilimia 1 ya mshahara hadi asilimia 0.6 mwaka 2021, kisha asilimia 0.5 mwaka 2022. Lakini asilimia 0.5 ya mshahara usioandikwa popote ni sifuri, na kijana anayepoteza jicho katika karakana isiyo na daftari hurudi kijijini kwao akiwa na jicho moja na bila fidia.

Suala la umri nalo liko wazi kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuajiriwa katika kazi za hatari, na inataja waziwazi maeneo ya kazi yasiyo rasmi. Inaacha nafasi kwa mafunzo yaliyo chini ya utaratibu maalumu. Mtoto aliyeletwa karakana na mjomba wake baada ya kumaliza darasa la saba hayumo katika utaratibu huo, hata kama nia ya mjomba ni njema.

Baadhi ya watu hupendekeza msako. Wakaguzi waje, mashine zisizo na kinga zikamatwe, faini zitozwe. Hoja hiyo ina mvuto wa haraka, lakini uzoefu wa misako dhidi ya biashara ndogo nchini unaonyesha kwamba huwahamisha watu badala ya kuwabadilisha. Fundi aliyefukuzwa barazani ataingia uani, atafunga geti na kufanya kazi usiku, mahali ambapo moshi hautoki na hakuna jirani wa kumsikia akipigwa na umeme.

Njia yenye matumaini zaidi iko karibu na mlango wa Manispaa yenyewe. Kwa mujibu wa sheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa makundi ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2. Serikali iliisimamisha mikopo hiyo mwaka 2023 kutokana na kasoro za usimamizi na kuirejesha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Manispaa ya Songea ilikuwa miongoni mwa halmashauri 10 zilizoteuliwa kujaribu utoaji wa mikopo hiyo kupitia benki.

Kikundi cha vijana kinachoomba fedha za kufungua karakana huorodhesha mashine ya kuchomelea, mashine ya kukatia, kompresa na vyuma. Ni nadra kwa kikundi kujiongezea kwa hiari kofia yenye kioo sahihi, glavu kavu za ngozi, buti, feni ya kuvuta moshi, mtungi wa kuzimia moto na kazi ya fundi umeme mwenye leseni wa kufunga waya wa ardhi. Vyote hivyo kwa pamoja hugharimu sehemu ndogo ya bei ya mashine. Maofisa wa maendeleo ya jamii wanaopitia maombi hayo wangeweza kuvifanya kuwa sehemu ya ankara ya lazima, na fedha zikalipwa moja kwa moja kwa muuzaji.

Hilo halihitaji sheria mpya wala mkaguzi kusafiri kutoka mkoa mwingine.

Hoja inayoweza kupinga pendekezo hilo ni kwamba kofia itabaki ukutani. Ni kweli kwa kiasi fulani. Kofia nzito ya kushikwa kwa mkono humnyima fundi mkono mmoja, na ndiyo maana huwekwa pembeni. Mafundi hawakatai kinga kwa ukaidi tu. Wanakataa kinga inayopunguza kazi. Kofia ya kuvaa kichwani, yenye kioo kinachojitia giza chenyewe, huacha mikono yote miwili huru, na bei yake imeshuka mno kulinganisha na ilivyokuwa miaka 15 iliyopita.

Mafunzo ndiyo nguzo ya pili. VETA, yenye chuo mjini Songea, ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, ambao hupimwa na kupewa cheti bila kukaa darasani miaka miwili. Utaratibu huo ni fursa adimu, kwa kuwa ni mara chache fundi mwenye miaka 40 hukubali kusimama mbele ya mwalimu. Siku hiyo akiulizwa namna ya kuandaa pipa la mafuta kabla ya kulikata, au namna ya kubadilisha ncha ya plazma, jibu litaenea karakanani kwake haraka kuliko bango lolote.

Upande wa wamiliki wa fremu umesahauliwa katika mjadala mzima. Mwenye nyumba hupokea kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na mara chache huuliza kama nyaya zake zinaweza kubeba mashine hizo. Moto ukitokea, jengo ni lake.

Mwisho ni suala la lugha, ambalo huonekana dogo hadi mtu anapofungua kasha la mashine. Kijitabu kilichomo huandikwa kwa Kichina na Kiingereza cha kubahatisha, chenye maonyo 20 yaliyorundikwa ukurasa mmoja kwa herufi ndogo. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo husimamia ukaguzi wa bidhaa zinazoingia kutoka nje, lina nafasi ya kutaka mashine zenye volti za hatari ziingie na maelezo ya Kiswahili.

Maelezo hayo hayahitaji kuwa kitabu. Ukurasa mmoja unaobandikwa kwenye kasha la mashine unatosha: zima ukutani kabla ya kugusa ncha, usiunganishe swichi ya kishikio, unganisha waya wa ardhi, vua tairi, jaza pipa maji, fungua mlango.